Darubini ya mezani ya milimita 130: Mwezi naupata, lakini nyota zinaota mikia. Naomba msaada wa kuiseti

MchangaWaPwani

Wakuu, habari za usiku. Nina darubini ya kioo ya kuweka mezani, aina ya bomba linalovutwa kwa vyuma viwili na kurudishwa ndani. Kioo kikuu kina kipenyo cha milimita 130, urefu wa fokasi ni milimita 650. Ina lenzi za jicho mbili, ya milimita 25 na ya milimita 10, pamoja na kiashiria cha nukta nyekundu. Nipo Tanga mjini, naitumia uani juu ya meza ya plastiki.

Yanayonishinda ni haya. Nukta nyekundu nikiiweka juu ya nyota, ndani ya lenzi ni giza tupu. Mwezi nimeupata kwa kubahatisha, tena uko kichwa chini. Nyota nikizipata hazitulii kuwa nukta, zina mkia upande mmoja. Nikigusa fokasi, ile sehemu ya kuzungusha ili picha iwe safi, picha inacheza na kuhama. Baada ya nusu saa vioo vinashika umande. Mwongozo nao unataka nianze na Nyota ya Kaskazini, ambayo huku siioni kabisa. Je, ninunue lenzi ya Barlow (ile ya kuongeza ukuzaji), au kuna kitu sijakifunga sawasawa?

Suheli

Mkuu, Barlow iache kwanza. Ukiiweka sasa itakukuzia huo mkia na huo mtetemo, basi. Ulichoeleza ni mambo ya kufunga, na mengi yanamalizwa mchana kabla jua halijazama.

Anza na bomba lenyewe. Vuta vyuma vyote viwili mpaka usikie vimeingia mahali pake, halafu sukuma kidogo kwa kidole uone kama vinarudi. Chuma kimoja kikibaki ndani, kioo kidogo cha mbele kinakaa upande. Vikibaki vyote viwili, kioo kidogo kinakuwa karibu mno na kioo kikuu, na picha inajikusanya nje zaidi ya pale fokasi yako inapoweza kufika. Hapo utazungusha mpaka mwisho na nyota itabaki duara jeupe.

Kisha nukta nyekundu. Weka lenzi ya milimita 25, tafuta mnara wa simu ulio mbali, kilomita moja au zaidi, upande ambao jua halipo. Chungulia pembeni ya bomba hadi ncha ya mnara iingie katikati ya lenzi. Kuanzia hapo bomba lisiguswe. Washa kiashiria, na kwa skrubu zake mbili, ya juu na chini na ya kushoto na kulia, ipeleke nukta mpaka ikae juu ya ncha ileile. Badilisha uweke lenzi ya milimita 10, rudisha ncha katikati, rekebisha nukta tena. Nguzo ya umeme ya mita 50 haifai kwa kazi hii: kiashiria kipo sentimita kadhaa kando ya bomba, na kwa umbali mdogo tofauti hiyo inakupoteza. Usiku taa nyekundu ya mnara huohuo itakusaidia kuhakiki.

Usiku anza na milimita 25 kila mara. 650 gawanya kwa 25 ni ukuzaji wa mara 26, na unaona karibu digrii 2 za anga, yaani Miezi minne ikipangwa mstari inaenea humo. Kwa milimita 10 ukuzaji ni mara 65, na uwanja unabaki robo tatu ya digrii. Ukianza na hiyo ndogo, kosa dogo tu la nukta linakuachia giza.

Picha kuwa kichwa chini ndivyo darubini ya vioo inavyofanya kazi. Huko angani hakuna juu wala chini, kwa hiyo usihangaike nayo.

FundiVioo

Nakuja kwenye mikia. Kwanza tofautisha. Weka nyota angavu katikati kabisa ya lenzi. Ikiwa hapo katikati ni nukta safi na mikia inaonekana pembezoni tu, hiyo ni kawaida ya kioo chenye fokasi fupi kama chako (650 kwa 130 ni f/5, yaani urefu wa fokasi ni mara 5 ya kipenyo), haina dawa na haina madhara. Ikiwa hata katikati ina mkia, vioo havitazamani sawasawa. Ikiwa nyota ina pembe tatu, vibanio vinavyoshika kioo kikuu vimekazwa mno. Vilegeze mpaka viguse kioo bila kukibana.

Kulinganisha vioo si kazi ya kuogopa. Kwenye mfuniko wa tundu la lenzi toboa kitundu cha milimita 2 katikati kabisa. Pima kwa rula, usikadirie kwa macho, maana kitundu kikikaa pembeni kazi yote inaharibika. Laza bomba lilale mlalo, ili alenki (ufunguo wa kuzungushia skrubu) ikiponyoka isidondokee kioo kikuu. Toa lenzi, weka mfuniko, chungulia wakati kuna mwanga wa mchana.

Utaona duara ndani ya duara. Tazama kwanza kioo kidogo: je, unaona ndani yake kioo kikuu kizima pamoja na vibanio vyake vyote vitatu? Kama kimoja kimejificha, rekebisha skrubu tatu ndogo zilizo mgongoni mwa kioo kidogo. Legeza moja kabla ya kukaza nyingine, na usizidishe robo mzunguko kwa mara moja. Skrubu nene ya katikati usiiguse, hiyo ndiyo inayoshikilia kioo kisianguke.

Sasa nenda nyuma ya bomba. Kioo kikuu kina alama ya mviringo mdogo katikati, nawe utaona kivuli cha kitundu chako kama nukta. Zungusha skrubu za nyuma, moja baada ya nyingine, hadi nukta iingie katikati ya mviringo ule. Kama kuna skrubu za kufungia, zilegeze kwanza, na mwisho zikaze kidogo kidogo huku ukichungulia, kwa sababu zenyewe huweza kukivuta kioo. Mara ya kwanza jipe dakika 20. Ukizoea, mbili au tatu zinatosha, na kwa bomba la kuvuta ni vizuri kuhakiki kila unapolifungua.

Hakikisho la mwisho ni nyota. Tumia lenzi ya milimita 10, iweke nyota katikati, kisha iondoe kidogo kwenye fokasi. Inatanuka kuwa kama pete yenye tundu jeusi. Tundu likikaa katikati, umemaliza. Likiegemea upande, gusa skrubu ya nyuma kidogo mno, rudisha nyota katikati, tazama tena. Ukisahau kuirudisha katikati utakuwa unapima kitu kingine.

Miongozo mingi inasema tumia Nyota ya Kaskazini kwa sababu imetulia. Wewe upo digrii 5 kusini ya ikweta, hiyo iko chini ya upeo. Tumia Suheli (Canopus), nyota ya pili kwa mng'ao usiku, inayoonekana jioni kuanzia Desemba hadi Mei. Kwa kuwa iko karibu digrii 53 kusini ya ikweta ya anga (mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia), inahama ndani ya lenzi kwa kasi ya takriban asilimia 60 ya ile ya nyota zilizo kwenye mstari huo. Inakupa muda wa kurekebisha.

Njiwa_Manga

Si anunue tu leza ya kulinganishia vioo? Anaingiza, anaona nukta, basi.

FundiVioo

Ndugu yangu, leza za bei rahisi mara nyingi zenyewe zimepinda ndani ya ganda lake. Kipimo ni hiki: ilaze kwenye misumari minne iliyogongwa kwenye ubao kama kitanda, elekeza ukutani mita 5, izungushe mahali pake. Nukta ikichora duara ukutani, leza hiyo itakulinganishia vioo vibaya huku ukiamini viko sawa. Mfuniko wenye kitundu hauna ugonjwa huo.

MamaKilimia

Tuje kwenye meza. Mwanangu, meza ya plastiki haikufai hata ukiishika. Chini ya hiyo darubini kuna miguu mitatu ya mpira, nayo inataka kitu kigumu. Kigoda cha mbao cha miguu mitatu ni bora kuliko vyote, hakichezi hata pakiwa na mabonde. Ukikosa, tofali mbili za bloku zilizosimamishwa na ubao mzito juu yake. Kaa kwenye kiti. Jicho likifika bila kuinama utavumilia kutazama kwa muda, na kutazama kwa muda ndiko kunakoonyesha vitu.

Fokasi yako, kwa bomba la aina hiyo, ni ya kuzungusha kwenye nyuzi kama mfuniko wa chupa. Zikilegea, lenzi inacheza na picha inahama kila ukigusa. Dawa ni ile tepe nyeupe nyembamba ya mafundi bomba. Fungua fokasi yote, futa grisi ya zamani, zungushia tepe mara mbili juu ya nyuzi, rudisha. Ikiwa ngumu mno, punguza iwe mzunguko mmoja. Pia kaza nobu ya mkono wa darubini kiasi kwamba bomba linakwenda kwa kidole na linabaki ulipoliacha. Ukibadilisha kutoka lenzi nzito kwenda nyepesi, kaza tena.

Umande wa pwani unataka adabu yake. Kama darubini inalala chumba chenye AC, ukiitoa tu nje vioo vinalowa papo hapo, kwa sababu ni baridi kuliko hewa. Itoe saa moja kabla, ikiwa imefunikwa, ipate joto la nje taratibu. Kule Arusha au Njombe ni kinyume: chombo kina joto kuliko usiku, na picha huchemka kama maji ya chai mpaka dakika 30 zipite. Lenzi usiyoitumia iweke mfuko wa suruali ibaki na joto. Kwa vile bomba lako liko wazi katikati, zungushia kipande cheusi cha zulia jembamba la mazoezi, unene wa milimita 3 hadi 5, kipite mbele ya mdomo wa bomba kama sentimita 15. Kitazuia taa ya jirani, pumzi yako na umande kwa pamoja. Vioo vikishika umande usivifute kamwe. Hewa ya vuguvugu ya mashine ya kukaushia nywele, kwa mbali, inatosha.

MchangaWaPwani

Nashukuru sana. Chuma kimoja kilikuwa hakijaingia mwisho, na kibanio kimoja kilikuwa hakionekani kwenye kioo kidogo. Nimerekebisha, Suheli sasa ni pete yenye tundu katikati. Maswali mawili: nianze kutazama nini, na je, inafaa kutafutia mwezi mwandamo?

Suheli

La mwandamo nalijibu kwanza kwa sababu ya macho yako. Usiielekeze magharibi mpaka jua lizame lote, hata kipande kisibaki. Kioo cha milimita 130 kikikusanya jua kwenye jicho, upofu ni wa papo hapo. Baada ya hapo inafaa, kwa milimita 25, na ujue hilali huku kwetu hulala kama mtumbwi. Kutazama jua lenyewe kunataka kichujio maalumu kinachofunika mdomo mzima wa bomba. Vile vidogo vya kufunga kwenye lenzi ya jicho vinapasuka kwa joto. Ukikutana navyo vitupe. Nasema haya mapema kwa sababu tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa. Kamili itakuwa Misri, Saudi Arabia, Yemeni na ncha ya Somalia. Kenya na Tanzania tutaona sehemu tu, na sehemu hiyo haina hata dakika moja salama bila kichujio.

MamaKilimia

Mwezi utazame siku ya 7 au 8, mstari wa kivuli ukiwa katikati. Mwezi mpevu hauna vivuli, mashimo yanapotea.

Kilimia, lile kundi la nyota ambalo wazee walilitumia kupangia kulima, kitazame kwa milimita 25 tu. Kwa milimita 10 hakienei. Desemba hadi Machi sogea kusini kidogo ya nyota tatu za mkanda wa Orion, utaona wingu lenye nyota nne ndogo zilizokaa karibu karibu. Katikati ya Mei, saa tatu usiku, Msalaba wa Kusini umesimama wima. Mashariki yake kuna nyota mbili angavu. Ile ya mbali zaidi na Msalaba ni Alfa ya Sentauri, ambayo kwa milimita 10 inagawanyika kuwa nyota mbili. Kisha tafuta Omega ya Sentauri, fungu la nyota nyingi mno, kaskazini mwa zile mbili. Kwa milimita 25 ni mpira wa ukungu. Kwa milimita 10 ukingo unaanza kuvunjika kuwa nyota moja moja. Hii watu wa Ulaya wengi hawaipati, kwao haichomozi. Sisi tunayo digrii 48 juu ya upeo.

Mshtarii (Jupita) utakuonyesha mikanda miwili na miezi minne hata kwa mara 65. Kwenye Zohali (Saturni), pete zilisimama ubavu, yaani zilitugeuzia ukingo, mwaka 2025, kwa hiyo bado ni nyembamba, ila zinafunguka mwaka hadi mwaka. Hapo ndipo Barlow ya mara 2 inapopata kazi, ikikupa mara 130. Sayari itavuka lenzi kwa dakika moja na nusu hivi; iweke ukingoni, iache ivuke, ndipo usogeze tena.

MchangaWaPwani

Nimeelewa. Kuhusu kuhifadhi, vumbi limeshaanza kwenye kioo kikuu.

FundiVioo

Vumbi kidogo liache, halipunguzi chochote unachokiona. Lipulize kwa mpira wa kupulizia wa duka la dawa, si kwa mdomo. Adui wa pwani ni kuvu: ukimaliza, acha vioo vikauke wazi ndani ya nyumba kabla ya kufunika, kisha lenzi zikae kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Siku ikilazimu kukiosha kioo, tumia maji safi na tone la sabuni ya vyombo, pamba ipite bila kukandamizwa, na suuza ya mwisho iwe kwa maji ya betri yasiyo na asidi. Soma kopo mara mbili, maana dukani huwekwa rafu moja na yale makali, na asidi itakula kioo.