Naomba ushauri: saa ya mezani ya zamani inachelewa usiku

Habari zenu wakuu. Napamba ofisi hapa Mbeya, na pambo kuu la meza ni saa ya Smiths ya kutia ufunguo kila baada ya siku 8. Boksi la mbao, ukingo wa kioo wa shaba ya njano.

Mchana inakwenda sawasawa, ila kwa baridi hii ya Julai inachelewa dakika 6 hadi asubuhi. Nashuku mafuta yameganda: ukimulika tochi, kila tundu la ekseli lina duara la kijani. Kusogeza kimkono cha nyuma cha kurekebisha mwendo si dawa, maana mchana itakimbia.

Je, mashine ifunguliwe yote na kuoshwa? Mafuta ya cherehani nayaogopa, hutambaa yakaacha tundu kavu. Na fundi anayefungua kabla ya kulegeza springi atavunja meno ya magurudumu. Kuna fundi makini Mwanjelwa, au hata Iringa mjini?

Halafu shaba: niisugue, au niuache weusi wake? Mimi naupenda weusi huo. Dirishani sitaiweka, jua litabandua mbao.