Naomba ushauri: apleti ya Cinnamon ya kuonyesha joto la prosesa

Wakuu, habari zenu. Ndiyo kwanza naanza kujifunza kuprogramu, na natumia Linux yenye desktopu ya Cinnamon. Nataka apleti, yaani kiprogramu cha kukaa kwenye paneli, na kuonyesha joto la prosesa. Basi, hakuna madoido.

Nilipofika: folda ipo ndani ya ~/.local/share/cinnamon/applets, jina lake linalingana na uuid (kitambulisho cha apleti) iliyo kwenye metadata.json, na applet.js inaandika maneno kwenye paneli vizuri tu. Joto nalisoma kwenye /sys/class/thermal/thermal_zone0/temp, ambako 47000 maana yake ni nyuzi 47, hivyo nagawanya kwa 1000.

Kinachonitatiza ni kulisoma upya kila baada ya sekunde 2. Nikitumia kipima muda cha Mainloop.timeout_add_seconds, namba inabadilika mara moja kisha inaganda. Je, ile fankisheni inayoitwa inatakiwa irudishe true? Na apleti ikiondolewa kwenye paneli, kipima muda nakisimamishia wapi, ndani ya on_applet_removed_from_panel? Nauliza kwa kuwa apleti hizi zinaendeshwa ndani ya Cinnamon yenyewe, na sitaki kijikodi changu kigandishe desktopu nzima.

Kuna aliyeniambia niachane na JavaScript, lugha ya apleti za Cinnamon, nihamie desktopu ya MATE, ambako unaweza kutumia Python. Mimi naona huko ni kulikimbia tatizo, ila mwenye sababu ya maana nitamsikiliza.

Halafu makosa mnayatazama wapi? Looking Glass, zana ya Cinnamon ya kutazama makosa, naifungua kwa Alt+F2 kisha lg, lakini ujumbe ni mwingi mno, wangu siuoni.