Maumivu ya viungo wakati wa korona: Google ilitufaa au ilitupoteza?

Mwalimu wa Barani, Malindi
Tangu kisa cha kwanza cha korona kitangazwe Kenya Machi 2020, kila mwenye simu alikuwa akiuliza Google, "viungo vinauma, ni korona?" Wapo wanaodai serikali ingeyafuatilia maswali hayo ingejua ugonjwa ulipo kabla ya vipimo. Mimi sikubali. Anayetafuta ana hofu, si lazima awe mgonjwa. Google wenyewe walijaribu kubashiri homa ya mafua kwa njia hiyo 2008, msimu wa 2012 hadi 2013 wakakosea vibaya, na 2015 mpango ukafungwa. Na chikungunya ya Lamu 2004, homa ya mbu inayoumiza viungo, ilijulikana bila simu hizi, ingawa mabirika yao, yale matangi ya maji ya nyumbani, yaliyojaa viluwiluwi vya mbu ndiyo yaliyoileta. Mnasemaje?

Wa Langoni
Mwalimu, hayo ya Google wajibu wengine. Mabirika yaliyojaa viluwiluwi uliyaona nyumba ya nani? Birika la kwetu Langoni, Lamu, lina visamaki tangu enzi za bibi, na kazi yao ni kula hivyo viluwiluwi. Mwaka ule kulikuwa na ukame, watu wakaweka maji kwenye mapipa na madumu siku nyingi. Nilimwona baba akishuka ngazi kwa makalio, kidato kimoja kimoja, mikono imevimba hata kikombe hashiki. Usitutupie uchafu juu ya maumivu yale.

Nesi, Muyeye
Jamani, kuna jambo la hatari hapa. Mtu akisoma mtandaoni kuhusu viungo, mbio duka la dawa, anataka diklofenaki ya kutuliza maumivu. Kama ni dengi, homa nyingine ya mbu, hiyo na aspirini zinaweza kumzidishia hatari ya kutokwa na damu. Hadi apimwe, parasetamoli na maji ya kunywa. Na maumivu peke yake si dalili ya korona. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) na China ya Februari 2020 ilisema karibu wagonjwa 15 kwa 100 ndio waliokuwa na maumivu ya misuli au viungo. Homa ilikuwa karibu 88.

Kijana wa Shela
Mwalimu, unasema anayetafuta ana hofu. Mimi nilitafuta. Kafyu saa moja usiku, mama analia magoti, boti hakuna. Ningemuuliza nani saa ile? Nilipata kujua dalili gani nisingoje asubuhi. Mtu kumtafutia mamake nafuu, hiyo ndiyo unaiita hofu?

Mpwani Tu
Nakumbuka kusoma kwamba 2004 robo tatu hivi ya watu wa Lamu waliambukizwa chikungunya, kisha ikaenda Mombasa, Komoro, Réunion, mpaka India. Sasa mtu wa Lamu 2020 akiandika "viungo vinauma", jibu la juu ni korona, kwa sababu dunia nzima inauliza korona. Mbu wa hapa kwetu hayumo kwenye jibu. Hilo ndilo linalonisumbua mimi.

Mwalimu wa Barani, Malindi
Langoni, neno uchafu umelitia wewe. Mbu yule hutaga kwenye maji safi ya kuwekwa, kila mtu anajua. Visamaki viko birikani, sawa. Kwenye pipa je?

Wa Langoni
Pipa lipo kwa sababu mfereji hautoi! Nyinyi Malindi mnapata maji ya Baricho kutoka mto Sabaki. Sisi tegemeo letu ni visima vya michanga ya Shela, vile vilima vya mchanga, na huko huko watu wanataka kujenga. Kama unajali viungo vya watu, piga kelele juu ya michanga ile.

Kijana wa Shela
Hapo umesema kweli, kaka. Kila tukipinga ujenzi tunaambiwa hatutaki maendeleo.

Dada wa Mkomani
Maji yakiwa haba ndiyo pipa liachwe wazi? Kwetu Mkomani, Lamu hii hii, tunafunika kwa kanga kuukuu, tunakaza kwa mpira wa baiskeli, na kila wiki pipa linasuguliwa ndani, maana mayai hugandamana ukutani. Langoni mnangoja nani?

Nesi, Muyeye
Ahsante dada, kusugua ndiyo watu husahau. Kijana wa Shela, mama yako alikuwa na homa siku zile? Na sasa vifundo vinavimba asubuhi?

Kijana wa Shela
Homa hakuwa nayo. Vidole vinakaza kila asubuhi mpaka jua litoke. Na 2004 aliugua, alilala mkeka mmoja na bibi.

Nesi, Muyeye
Chikungunya huweza kuacha maumivu miezi hata miaka, lakini usiishike hiyo tu. Inaweza kuwa baridi yabisi. Mpeleke kwa daktari, umweleze yote mawili, ugonjwa wa 2004 na vidole kukaza.

Wa Langoni
Dada wa Mkomani, Langoni tunafunika kuliko nyinyi. Na mwalimu bado hajasema lile birika aliliona wapi.