Hesabu za Iddi kwenye kikundi cha familia

Mama Iddi: Shikamooni wakubwa. Iddi kaandika 52 − 27 = 15, mwalimu kampa kosa, na hataki kufuta. Eti kafanya kama alivyofundishwa.

Hamisi: 25 hiyo. Ahesabu vidole 😂

Mama Iddi: Shemeji, vidole 52 avitoe wapi?

Rehema: Wifi, piga picha daftari.

Mama Iddi: 📷

Rehema: Juu, 5 kaikata kaandika 4. Sawa. Chini, pembeni ya 2, kuna kijitatu. Hicho kimetoka wapi?

Mama Iddi: Anasema cha Babu.

Babu: Changu. Nilimwelekeza Jumamosi. 2 toa 7 haitoshi, azima kumi. 12 toa 7, 5. Ukiazima lipa: 2 ya chini iwe 3. 5 toa 3, 2. Jibu 25. Sisi tulifundishwa hivyo, na fimbo juu.

Rehema: Shikamoo baba. Iko sahihi kabisa. Wewe unaongeza kumi juu na kumi chini, tofauti inabaki ileile. Mwalimu wake anachukua kumi moja kwenye 52, yanabaki makumi 4 na mamoja 12. Iddi kafanya zote: juu kapunguza, chini kalipa. Kumi imetoka mara mbili, ndiyo hiyo 15.

Hamisi: Kalipa deni mara mbili kama mimi na mkopo wa simu 🤣

Babu: Marahaba mwanangu. Basi hiyo yenu, mpe 503 toa 267. Makumi ni sifuri, atachukua nini?

Rehema: Anapanda kwenye mamia. 5 inabaki 4, makumi yanakuwa 10. Anachukua moja hapo, yanabaki 9, mamoja 13. Sasa 13−7=6, 9−6=3, 4−2=2. Jibu 236.

Babu: Mikato yote hiyo! Yangu: 13 toa 7, 6. Sita iwe saba, 10 toa 7, 3. Mbili iwe tatu, 5 toa 3, 2. 236, daftari safi.

Rehema: Kwenye sifuri ya katikati yako inateleza, sibishi. Ila Iddi hajui ile moja ya kulipa inatoka wapi, anaiweka tu. Wifi, mfungie njiti za kiberiti kumi kumi, mafungu matano, na njiti mbili pembeni. Mwambie akupe 27. Usimsaidie.

Mama Iddi: Kanipa mafungu mawili. Sasa anatafuta saba, anakodolea zile mbili.

Mama Iddi: Kafungua fungu! Zimebaki 25.

Rehema: Ajumlishe jibu na alichotoa.

Mama Iddi: 25 na 27, 52. Kajaribu na ile 15 yake, kapata 42. Kachukua ufutio mwenyewe. Zimebaki hesabu nne.

Babu: Hizo afanye ya mwalimu. Yangu tutamalizana likizo.

Hamisi: Na mimi nije?

Babu: Wewe lipa deni.