Tupeane uzoefu: wimbo wa kuingilia kanisani mlichagua vipi?

Wasee wa Nairobi hamjambo. Harusi yangu ni Desemba, ni Misa, chakula tumemaliza, tenti tumelipa, kitu imetushinda ni wimbo wa bibi harusi kuingilia. Mpenzi wangu anataka ule wa Kizungu tulikuwa tunaskiza tukianza kujuana, mwalimu wa kwaya amekataa katakata, anasema kwa Misa ni nyimbo za ibada peke yake, hayo mapenzi yenu mtayaimba ukumbini. Nyinyi mlifanyaje?

Mama Kayole: Sisi hatukukosana na kwaya, tulikosana na dakika. Nilichagua wimbo mtamu sana lakini kinanda kinacheza karibu dakika nzima kabla mtu aimbe, na kanisa letu ni la mabati, kutoka mlangoni hadi madhabahuni ni hatua 22. Nikafika mbele, baba akanikabidhi, akaenda akaketi, ndio mwimbaji anaanza beti ya kwanza. Na ziko nne. Tukasimama hapo na bwana tunaangaliana tu kama watu wanangoja matatu. Enda kanisani Jumanne hakuna watu, vaa viatu vyenyewe vya harusi, tembea simu ikihesabu. Na ukiwa na gauni refu utatembea nusu ya mwendo wako, wacha kujidanganya.

Mpiga kinanda: Kila Jumamosi naombwa ile ya "hapa aja bibi harusi". Ni ya Wagner, mtunzi Mjerumani, iko kwa opera yake (mchezo wa kuimbwa) Lohengrin ya 1850, na huko ndani haiimbwi bibi akiingia kanisani, inaimbwa washaoana wanasindikizwa chumbani, na ndoa yenyewe haimalizi hata usiku mmoja, bibi anauliza swali alilokatazwa kuuliza na bwana anaenda zake. Huwa siwaambii maharusi. Ile nyingine ya tarumbeta, ya kutokea, ni ya Mendelssohn, Mjerumani mwingine, ya 1842, ikavuma zaidi binti ya Malkia Victoria alipoolewa nayo 1858. Kuna kamati iliniletea ratiba wamezibadilisha, bibi harusi akaingia na ya kutoka, watu wakaanza kupiga vigelegele na kusalimiana wakidhani wamechelewa kiapo kimepita.

Mkwe wa Kakamega: Mimi ni wa Murang'a nimeoa Mluhya. Kwetu kazi inaanzia getini asubuhi, kina mama wa upande wa bwana wako nje wanaimba wafunguliwe, wa bibi ndani wanajibu kwa wimbo wanawakatalia, na jua linawachoma tu. Sasa shangazi za bibi wakaleta isukuti, zile ngoma tatu za Waisukha na Waidakho. UNESCO waliiweka 2014 kwa orodha ya mila zinazohitaji kuokolewa haraka lakini siku hiyo sisi ndio tulihitaji kuokolewa, getini hatukuskika tena, mamangu mwenyewe alivuka akaenda kucheza na hao wengine. Huko ukumbini DJ akaona ajipendekeze, akaweka ule wa mwana wa mberi, yaani kifungua mimba. Shangazi mmoja akamwendea na kidole juu, "Huyu ni kitinda mimba! Mwana wa mberi ni yule pale, na hajaoa!" Shemeji akainama akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Viatu vyenyewe havikuwa na kamba.

Dada wa South C: Kwetu hiyo shida haipo. Nikahi ni msikitini, khutba, mahari yanatajwa, ijabu na kabuli (huyu anatoa, yule anakubali), basi. Kaswida na dufu ni nje. Vita huwa usiku wa wanawake, mama mkwe ni wa Mombasa anataka taarabu, majirani zetu Wasomali wamekuja na buraambur yao, yale mashairi ya kina mama na ngoma, mabinti wanataka bongo. Tulipeana kila upande saa yake na bado taarabu ilikula saa ya wengine.

Wa Sheria House: Tulioana huko kwa msajili wa ndoa wa serikali. Nyimbo hakuna, mnangoja zamu mnaapa mnatia sahihi. Muziki pekee ulikuwa simu ya mjomba, ililia nikiwa katikati ya kiapo na akaichukua.

DJ wa Githurai: Naongea kama mtu wa mitambo. Msiniletee flashi iko na nyimbo 140 zote zimeandikwa "track 01, track 02". Wimbo wa kuingia uwe kwa flashi na pia kwa simu ya mtu mwingine, umedownlodiwa, sio ati tutaucheza na bando, mara moja tangazo la mkopo liliingia maharusi wako katikati ya zulia. Mtu mmoja tu ndio anipee ishara, na asiwe mpambe wa bibi, huyo ameshika pindo la gauni. Na kama ni nje ulizeni jenereta ni ya nani na petroli ananunua nani.

Mimi mwenye swali: Nimesoma zote, asanteni. Tumekubaliana kuingia ni zaburi na kwaya, wimbo wetu utapigwa tukikata keki. Nimepima leo, ni hatua 41. Tatizo jipya ni mama amepiga simu saa hii, anasema chama chao cha kina mama kina wimbo wa kumtoa mtoto, lazima uimbwe, na nimeuliza uko na beti ngapi akaniambia "si nyingi, kumi na mbili."