Mrejesho: Usaili wa Mhasibu Daraja la II

Mwezi Machi niliuliza namna ya kujiandaa kwa usaili wa mhasibu serikalini, nami nawashukuru sana wote mlionijibu. Nilifuata ushauri wa kuisoma Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, ambayo ilinifaa katika mtihani wa mchujo, kwani nilifaulu na kuitwa kwenye mahojiano. Huko, hata hivyo, niliyumba: zoezi mlilonishauri la kujieleza kwa sauti mbele ya kioo nililipuuza (niliona ni la kitoto), hivyo nilipotakiwa kujieleza kwa Kiingereza nikababaika. Sikupangiwa kituo cha kazi, ila jina langu limehifadhiwa kwenye kanzidata (orodha ya waliofaulu usaili wanaosubiri nafasi). Vyeti halisi vilikaguliwa kama mlivyosema. Aliyebeba nakala pekee alirudishwa.