Ndege inataka kuruka na barafu kwenye mabawa, ukisema kitu unaambiwa unachelewesha safari

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Kuna jamaa kwenye uzi wa juzi wa ajali za ndege kaandika kwa kujiamini kabisa kwamba huko kwa wazungu ndege ndogo haziruki mpaka zikaguliwe kila kona, ati uzembe ni wetu sie tu. Nikasoma nikacheka kwa hasira. Mi nipo hukohuko, kaskazini ya Kanada, kazi yangu ni rampu, napakia mizigo, naongoza ndege kupaki, na baridi ikianza mimi ndo napanda juu na bomba kumwagia mabawa dawa barafu itoke. Kwa hiyo haya sijahadithiwa na mtu.

Kwanza kwa ndugu zangu ambao barafu mnaijua ya kwenye friji tu. Watu wengi wanadhani barafu inaangusha ndege kwa sababu ya uzito, hapana, shida ni umbo la bawa. Bawa limechongwa ili hewa ipite juu yake kwa ulaini, sasa utando wa barafu wenye mkwaruzo wa msasa tu, msasa huuhuu wa fundi seremala, unaweza kupunguza nguvu ya kuinua ndege mpaka asilimia 30 na kuongeza ukinzani wa hewa mpaka asilimia 40. Na usiku ukiumulika na tochi kutoka chini unauona kama umande. Halafu kuna ile ya kioo ambayo hata haionekani, mpaka upande ngazi, uvue glavu, upapase. Bawa safi linateleza, lenye barafu lina vipele, ukigusa tu umejua, na hapo vidole vishaanza kuuma mpaka unatukana.

Sasa nije kwenye kilichonileta. Msimu uliopita hita ya mashine yetu ya dawa ilikufa. Ile dawa ya kwanza, ya rangi ya chungwa, inatakiwa itoke kwenye bomba ikiwa na nyuzi 60 kwenda juu maana kinachoyeyusha barafu hasa ni ule moto wake, ikiwa ya baridi unapoteza dawa tu na barafu inakuangalia. Nikajaza ile fomu ya kuripoti hatari, tunaambiwa kila siku tusiogope kuijaza, usalama kwanza, bango kubwa limebandikwa mpaka chumba cha chai. Nikajibiwa "asante kwa taarifa yako". Basi. Wiki zikapita tunafagia mabawa na mafagio na kuburuza kamba kutoa theluji, njia ambayo kwa theluji kavu inafaa kabisa, lakini kwa iliyoganda ni kujifurahisha tu. Siku moja nikagoma kusema ndege iko tayari kwa sababu bawa la kulia lilikuwa bado lina vipele huku mbele, bosi wa zamu akanitoa pembeni akaniambia abiria wana ndege nyingine ya kuunganisha na kwamba mimi si injinia. Si injinia! Nilichokishika na mkono wangu kinahitaji digrii gani?

Kapteni mwenyewe alikuja akapapasa, akaagiza viletwe vifuniko na hita ya kupuliza, tukachelewa kweli, ikaruka ikiwa safi. Nani aliandikiwa barua ya onyo? Mimi. Kuchelewesha safari.

Na hapo kapteni alikuwa mtu mzima anayejiamini. Wengi wa huku ni vijana, wanakusanya saa za kuruka ili waende kampuni kubwa. Kuna dogo napakia naye mizigo, leseni ya urubani wa biashara anayo mfukoni, mkopo wa chuo cha urubani anadaiwa, lakini kwenye kampuni nyingi ndogo za huku unaanzia rampu kwanza, unabeba maboksi ya maziwa na nepi mpaka wakuonee huruma wakupe kiti cha kulia, cha rubani msaidizi. Sasa huyo dogo siku akipewa kiti, atamwambia bosi wake ndege hairuki? Mi simlaumu hata kidogo.

Sheria ya Kanada yenyewe haina kona kona, ukiwa na jalidi, barafu au theluji imeshika kwenye mabawa hupai, na mfanyakazi wa ndani ya ndege akiiona lazima amwambie kapteni palepale. Nzuri sana kwenye karatasi. Ila nendeni mkaangalie ya Fond-du-Lac, Saskatchewan, tarehe 13 Desemba 2017. Kijiji cha watu wa Dene pembeni ya ziwa Athabasca, barabara ya mwaka mzima hakuna, baridi ikikolea ndo wanapita juu ya ziwa lililoganda, vinginevyo ni ndege. ATR 42, ndege ya abiria ya mapanga, ya kampuni ya West Wind ikaingia kwenye mawingu ya barafu ikiwa inashuka, ikatua na barafu yake, ikapakia watu, giza lishaingia, ikapaa tena bila kumwagiwa kitu. Haikufika mbali, ikalalia kushoto ikaanguka msituni. Walikuwa 25 ndani, kumi wakaumia vibaya na mmoja wao akafariki baadae hospitali.

Vifaa vya kutolea barafu vilivyokuwepo pale kiwanjani je? Ngazi mbili, bomba la kupuliza kwa mkono na chombo cha dawa. Kwa ndege ya ukubwa ule, usiku, Desemba, kaskazini! Ukimpa mtu bomba la kupulizia mbu akaoshe lori utamlaumu asipoliosha?

Bodi ya Kanada ya uchunguzi wa ajali haikuzunguka mbuyu. Marubani walijua kuna barafu, wakaamua wataweza kupaa salama, kwa sababu kuruka na barafu kidogo kwenye vile viwanja vya mbali lilishakuwa jambo la kawaida, watu wamefanya mara nyingi wakafika, na kufika kwao ndo kukawa ushahidi kwamba haina shida. Someni hapo tena polepole. Yaani kila safari waliyonusurika ilikuwa inawafundisha vibaya.

Na wasiseme ni kampuni moja. Bodi ilituma maswali kwa marubani wa kampuni zinazoenda viwanja kama hivyo, wakajibu zaidi ya 650. Asilimia 74 wakasema ndani ya miaka mitano wameshaona ndege zinapaa na uchafu wa barafu kwenye mabawa. Karibu asilimia 40 wakasema kwenye viwanja vya mbali ni nadra au hawapati kabisa huduma ya kutolewa barafu. Hao ni marubani wenyewe wanasema, sio wapiga umbea wa rampu. West Wind walisimamishiwa leseni mwezi huohuo, 2018 wakarudishiwa, ripoti kamili ikatoka 2021.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nchi hii ilishaambiwa. Machi 10, 1989, Dryden, Ontario, Fokker F28 ya Air Ontario, watu 69 ndani, 24 wakafa. Hadithi yake ukiisoma unashika kichwa. Ile jenereta ndogo ya ndege inayosaidia kuwasha injini ilikuwa mbovu, na pale Dryden hapakuwa na mtambo wa chini wa kuwashia injini, kwa hiyo wakizima zote wamekwama hapo. Wakaacha injini moja inanguruma, wakajaza mafuta huku abiria wamekaa ndani, na utaratibu wa kampuni ulikuwa unakataza kumwagia dawa injini ikiwaka. Theluji inadondoka tu. Wakaondoka nayo. Yaani kifaa kibovu kilichoachwa hivyohivyo ndo kilifunga mlango wa dawa, halafu nyie mniambie kosa ni la rubani peke yake.

Na ndani ya ile ndege kulikuwa na marubani wawili wamepanda kama abiria. Waliiona theluji kwenye mabawa. Wakakaa kimya, kila mmoja akiamini kapteni anajua anachofanya, heshima ya kazi bana. Mhudumu naye aliiona, ila hakuzoeshwa kwamba neno lake linahesabika mbele ya rubani. Jaji Virgil Moshansky akachunguza miaka, 1992 akatoa mapendekezo 191. Mia na tisini na moja! Halafu 2017 tunaambiwa kulikuwa na ngazi mbili na bomba la mkono.

Kuna mtu atakuja hapa kusema dawa ni ghali. Ni ghali kweli, najua maana huku kwetu lita zinahesabiwa kuliko abiria, na kiwanja chenye ndege mbili kwa siku hakiwezi kununua lori la dawa kama la Toronto. Sawa. Vifuniko vya mabawa je? Banda lenye joto? Hita inayofanya kazi? Na kama vyote hivyo vimeshindikana, si ndege ilale hapo mpaka asubuhi, abiria wapewe chai na blanketi, kwani kuna nini?

Na wewe jamaa wa uzi wa juzi, hizo ATR ziko mpaka hapo Bongo, na mawingu ya juu hayaulizi kama chini kuna minazi, barafu inashika hukohuko angani. Tyumen, Urusi, Aprili 2012, ATR 72 ya UTair ilipaa bila kumwagiwa dawa, wakafa 33 kati ya 43. Hakuna cha uzungu wala uafrika hapo.

Sasa nauliza walioko Norway, Alaska, Finland, popote penye baridi mnafanya rampu. Mashine ya dawa ikifa kwenu, wewe wa chini una mamlaka ya kusimamisha ndege kwa maandishi, au mpaka umtafute kapteni umbembeleze kama mimi? Na barua ya onyo ya namna hii inakatiwa rufaa wapi, chama cha wafanyakazi hatuna. Wale wa "kama hupendi rudi nyumbani" mpite kimya, sijawaita.